Je, Mreno atakuja kutupigania huku Ufini?

*Swali la msomaji:* "Mwalimu, nilifika Ufini miaka mingi iliyopita nikitokea kambini, na sasa nina uraia wa hapa. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee mjini Tampere. Zamani ukitaja huu muungano wa kijeshi wa NATO pale kazini, watu walibadilisha mazungumzo. Leo hao hao wananiambia tuko salama, tuna nchi zaidi ya thelathini nyuma yetu. Mwanangu anatimiza miaka 18 mwaka huu na ataitwa jeshini. Nataka kujua: hawa watu wamebadilika kweli, au ni hofu ya leo tu? Na siku ikifika, Mreno au Mwitaliano atatoka kwao aje kufa huku kwenye theluji kwa ajili yetu? Sisi tuliotoka Kivu tumeona majeshi ya nchi nyingi yakija na kuondoka."

*Jibu:*

Mama, nikujibu bila kuzunguka. Ndiyo, wamebadilika, na kwa Ufini badiliko hilo lina mizizi. Ila kilichobadilika hasa ni kutaka kulindwa pamoja. Kuwa tayari kwenda kufa kwa ajili ya nchi ya mwenzako ni habari nyingine, na huko mambo yamesogea kidogo kuliko unavyosikia kwenye hotuba. Magazeti huyachanganya mambo haya mawili kila siku, ndiyo maana maneno ya wenzako kazini hayakutulizi.

Kwa miaka mingi tangu Vita Baridi viishe, Wafini waliotaka kuingia NATO walikuwa kama mmoja katika kila watano, au mmoja katika wanne mambo yakiwa moto. Januari 2022, majeshi ya Urusi yakiwa yamekwisha kujazana kwenye mpaka wa Ukraine, utafiti wa kituo cha televisheni cha MTV ulikuta asilimia 30 wanataka na 43 hawataki. Tarehe 24 Februari vita vikaanza. Utafiti wa shirika la utangazaji la Yle uliotoka mwisho wa mwezi huohuo ukaonyesha wanaotaka ni asilimia 53. Machi wakafika 62. Mei, 76.

Angalia pia nani alimtangulia nani. Waziri Mkuu wa wakati ule, Sanna Marin, alikuwa amesema Januari kwamba ni vigumu sana kuona nchi ikiomba uanachama katika kipindi chake. Miezi minne baadaye ombi lilikuwa mezani. Wananchi walianza kukusanya saini za kutaka jambo hilo lipelekwe Bungeni, zikapita 50,000 zinazotakiwa kisheria ndani ya siku chache. Vyama vilivyokuwa vikikwepa mjadala huo kwa miongo kadhaa vililazimika kukimbia kuwafuata wapiga kura wao. Bunge lilipopiga kura tarehe 17 Mei, wabunge 188 waliunga mkono na 8 walipinga. Aprili 4, 2023 bendera ya Ufini ikapandishwa Brussels, makao makuu ya NATO. Huku kwetu tumezoea kudhani mambo ya majeshi na mikataba huamuliwa na wakubwa kisha wananchi huarifiwa. Safari hii ilikuwa kinyume.

Unauliza kama ni hofu. Ni hofu, lakini ya watu wenye kumbukumbu. Wafini hawakuamka Februari 2022 wakagundua kwamba wana mpaka wa kilomita 1,340 na Urusi. Nchi nyingine za Ulaya zilipofuta utumishi wa lazima wa kijeshi na kuuza vifaru, wao hawakufuta. Waliendelea kufundisha vijana wao kila mwaka, wakabaki na mpango wa jeshi la watu 280,000 wakati wa vita, wengi wao wanajeshi wa akiba: fundi bomba, mwalimu wa shule, dereva wa basi lako. Desemba 2021, kabla ya risasi ya kwanza kulia Kyiv, serikali ilikuwa imeamua kununua ndege 64 aina ya F-35 kutoka Marekani.

Kilichowazuia kuingia NATO kilikuwa hesabu. Baada ya Vita Kuu ya Pili walifunga mkataba na Moscow mwaka 1948, na kwa miongo minne wakajifunza kupima kila neno kabla ya kulisema. Mkataba huo ulipokufa pamoja na Umoja wa Kisovieti, tabia ilibaki. Walijiambia hivi: tusijiunge, lakini mlango tuuache wazi, tukihitaji tutaingia. Desemba 2021 Urusi ikadai hadharani kwamba NATO isipokee mwanachama mpya yeyote. Maana yake kwa Mfini ni kwamba kuna mtu anataka kuufunga ule mlango kutoka nje. Nadhani jambo hilo liliwauma wengi hata kabla ya Februari, ingawa takwimu za Januari hazikuwa zimelishika bado.

Halafu kuna wazee wako, hao unaowatunza. Mwenye umri wa miaka 90 leo alikuwa mtoto mdogo tarehe 30 Novemba 1939, Wasovieti walipoivamia Ufini. Vita vile vilichukua siku 105. Dunia nzima iliwapenda Wafini: magazeti yaliwasifu, Shirikisho la Mataifa likaufukuza Umoja wa Kisovieti. Uingereza na Ufaransa zikapanga kutuma jeshi, jeshi lisifike. Uswidi, jirani wa karibu kabisa, ilitoa silaha, fedha, na watu wa kujitolea zaidi ya 8,000, lakini serikali yake ilikataa kuingia vitani na ikakataa pia kuwapitisha Waingereza na Wafaransa katika ardhi yake. Machi 12, 1940 Ufini ikasaini amani peke yake, ikapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya ardhi, na watu zaidi ya 400,000 wakahama Karelia, jimbo la mashariki, na mizigo yao. Katika miaka ile ya vita, watoto wapatao 70,000 walipelekwa Uswidi kulelewa na familia wasiozijua. Huenda kuna mmoja wao kwenye wodi yako. Ukipata nafasi, muulize. Wewe uliyepita kambini utayaelewa majibu yake kuliko mimi.

Funzo ambalo Wafini walilitoa pale ni kwamba kuonewa huruma na kusaidiwa havikai nyumba moja. Kwa hiyo walipoona Ukraine inapigiwa makofi na dunia huku miji yake inapigwa makombora, waliitambua picha ile mara moja. Ukraine ilikuwa na marafiki wengi, lakini haikuwa na mkataba. Wao wakautaka mkataba.

Sasa mkataba wenyewe unasemaje? Ibara ya 5 ya Mkataba wa Washington wa Aprili 4, 1949 inasema shambulio dhidi ya mwanachama mmoja litahesabiwa kuwa dhidi ya wote. Watu huishia hapo. Sentensi inaendelea: kila mwanachama atasaidia kwa kuchukua hatua *anayoona inahitajika*, ikiwemo kutumia nguvu za kijeshi. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba Ureno ni lazima ilete vikosi. Ureno inaweza, kisheria, kuamua kwamba hatua inayohitajika ni kuleta madawa. Ibara hiyo imetumika mara moja tu, baada ya Septemba 11, 2001, na walioshambuliwa walikuwa Wamarekani. Watu wa Ulaya ndio waliokwenda kuwasaidia. Denmark, nchi ya watu wapatao milioni sita tu, ilipoteza wanajeshi zaidi ya 40 Afghanistan.

Kuhusu utayari wa raia, utafiti unaonukuliwa zaidi ni wa Pew, kituo cha utafiti cha Marekani, uliochapishwa Februari 2020. Waliulizwa watu wa nchi 16 wanachama: Urusi ikigombana kijeshi na jirani yake aliye mwanachama wa NATO, je, nchi yenu itumie nguvu kumtetea? Nchi ya katikati katika orodha ilionyesha asilimia 38 wakisema ndiyo na 50 wakisema hapana. Italia na Ugiriki, robo tu walisema ndiyo. Ujerumani, 34. Uholanzi, 64. Papo hapo, wengi katika nchi hizo, kama asilimia 60, waliamini kwamba Marekani *ingekuja*. Yaani: nitetewe, na anayenitetea awe mwingine. Ureno haikuwamo katika orodha ile, kwa hiyo Mreno wako hatuwezi kumpima kwa kipimo hicho.

Lakini kabla hujakata tamaa, weka utafiti huo karibu na mwingine wa mtandao wa WIN/Gallup uliotoka 2015. Huo uliuliza swali la nafsi: wewe, je, ungepigania nchi yako? Waholanzi waliosema ndiyo walikuwa asilimia 15 tu, karibu mwisho wa dunia nzima. Wafini walikuwa 74. Tazama maajabu: Mholanzi hayuko tayari kupigania hata Uholanzi, lakini anaongoza kusema nchi yake imtetee mwanachama mwenzake.

Mtu mwepesi wa kuhukumu atasema ni unafiki. Mimi naona ni suala la nani anayevaa sare. Uholanzi iliacha kuita vijana jeshini katika miaka ya tisini. Ureno ikaacha mwaka 2004, Ujerumani mwaka 2011. Kwa mtu wa Amsterdam, neno "jeshi" maana yake ni watu waliochagua kazi hiyo na wanaolipwa mshahara. Akiulizwa kama jeshi liende, anawafikiria hao. Akiulizwa kama yeye aende, anaona swali halimhusu kabisa. Kwa mtu wa Tampere, jeshi ni mwanawe. Hawezi kulijibu swali la kwanza bila kulijibu la pili. Ndiyo maana nakuambia usome takwimu za Ufini kwa uzito mwingine: asilimia 76 ile ilitolewa na watu wenye watoto wanaoitwa. Na hao ndio waliosema pia, zaidi ya asilimia 80 katika tafiti za mwaka 2022, kwamba nchi ikivamiwa Wafini washike silaha hata kama matokeo hayajulikani.

Ujerumani inafikiria sasa kurudi kwenye njia hiyo, na imepitisha sheria mpya ya utumishi inayoanza kwa hiari. Denmark imeongeza muda wa utumishi na kuwaingiza wasichana. Hapo ndipo tutakapoujua moyo wa watu. Ni rahisi kusema ndiyo kwa bajeti.

Je, maoni ya raia ndiyo yanayoamua kama msaada utakuja? Hapa natofautiana na wenzangu wengi wanaoandika juu ya "uchovu wa Ulaya" kila wakiona asilimia imeshuka. Chukua Ufaransa ya mwaka 1938 na 1939, wakati taasisi ya IFOP ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kupima maoni. Baada ya mapatano ya Munich, ambapo Czechoslovakia iliachwa ikatwe, asilimia 57 ya Wafaransa waliafiki na 37 walipinga. Machi 1939 Hitler akaingia Prague. Mei, mwanasiasa Marcel Déat akaandika makala iliyouliza kama inafaa kufa kwa ajili ya Danzig, mji wa bandari ambao Ujerumani ilikuwa ikiudai mlangoni mwa Poland, na swali lake likawa maarufu hadi leo kama ushahidi kwamba Wafaransa hawakuwa na moyo. Kinachosahauliwa ni utafiti uliofanyika wiki chache baadaye: asilimia 76 walisema Ujerumani ikijaribu kuichukua Danzig, izuiwe kwa nguvu. Chini ya mwaka mmoja maoni yalikuwa yamegeuka kabisa. Na Septemba 3 Ufaransa ilitangaza vita kweli, kama ilivyoahidi Poland.

Halafu ikafanya nini? Ikasogeza vikosi kilomita chache ndani ya Saarland, mkoa wa Ujerumani ulio mpakani, ikasimama, ikarudi. Poland ikaanguka. Wananchi walikuwa tayari, serikali ilitimiza neno, lakini jeshi lilikuwa limejengwa kwa ajili ya kukaa nyuma ya ngome na halikuwa na mpango wa kwenda kumtetea mtu aliye mbali. Kwangu mimi mfano huo una thamani kuliko asilimia zote za Pew. Fimbo ya mbali haiui nyoka, hata mwenye fimbo akiwa na nia njema.

Kwa hiyo ukitaka kujua kama watu watakuja, tazama nani amekwisha kuja. Tangu mwaka 2017 kuna vikosi vya mataifa mbalimbali Estonia chini ya Waingereza, Latvia chini ya Wakanada, Lithuania chini ya Wajerumani na Poland chini ya Wamarekani. Mwaka 2022 vikaongezwa Slovakia, Hungary, Romania na Bulgaria. Ujerumani inajenga brigedi ya watu wapatao 5,000 ikae Lithuania moja kwa moja, na hili ni jambo ambalo Mjerumani wa mwaka 2010 angekucheka ukimwambia. Wareno wenyewe wamekuwa wakipeleka wanajeshi Lithuania na Romania. Kwenu Ufini, kikosi cha namna hiyo kimepangwa kuwekwa Lapland kule kaskazini, na anayekiongoza ni Uswidi. Ndiyo, Uswidi ile ya 1940. Iliishi zaidi ya miaka 200 bila kufungamana na upande wowote, ikaja kuingia NATO Machi 7, 2024 baada ya kucheleweshwa na Uturuki na Hungary.

Vikosi hivi ni vidogo. Havitoshi kulizuia jeshi kubwa kwa wiki nzima. Kazi yake ni kufanya lile swali la Pew lisiulizwe kamwe. Adui akivuka mpaka, siku ya kwanza atakuwa amewaua Waingereza, Wajerumani, Waswidi. Mjini London au Berlin hakuna atakayejadili kama nchi iingie vitani, maana itakuwa imeshaingia.

Najua utaniambia: Mwalimu, Goma nako walikuwepo. Ni kweli, na sitaki kulipita jambo hilo harakaharaka. Jeshi la Jumuiya ya Afrika Mashariki liliingia Kivu Novemba 2022 na kuondoka Desemba 2023, huku Kinshasa ikilalamika kwamba halipigani na waasi wa M23 na wenye jeshi wakisema hawakutumwa kupigana. Likaja la SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, lenye wanajeshi wa Afrika Kusini, Tanzania na Malawi. Januari 2025 Goma ikaanguka, wanajeshi 14 wa Afrika Kusini wakauawa, majeneza yakafika, wananchi kule wakaanza kuuliza vijana wao walikuwa wanatafuta nini, na Machi SADC ikafunga kazi. Kuwepo peke yake hakutoshi. Inategemea walioletwa wameagizwa nini, nyuma yao kuna nini, na kama taifa lililowatuma linaona vita vile ni vyake. Mjohannesburg aliona Goma ni mbali. Mjerumani anaiona Lithuania kuwa ukuta wa nyumba yake mwenyewe, kwa kuwa Lithuania ikianguka, inayofuata ni Poland, halafu yeye. Pengine hiyo ni tofauti kubwa kuliko ya silaha. Lakini sitakuahidi kwamba majeneza hayatabadilisha maoni ya Wazungu kama yalivyobadilisha ya Waafrika Kusini. Hakuna ambaye amewahi kuwajaribu kwa kipimo hicho katika vita vya namna hii.

Jiografia inaeleza mengi. Poland inatumia zaidi ya asilimia 4 ya pato lake la taifa kwa ulinzi. Hispania, mwezi Juni 2025 kwenye mkutano wa NATO pale The Hague, wanachama wenzake walipokubaliana kufika asilimia 5 ifikapo 2035, ilikataa waziwazi. Mhispania hana ubaya. Anaposikia neno hatari anatazama kusini, baharini, na kwenye bei ya nyumba. Bulgaria na Slovakia zina historia ya kumwona Mrusi kama ndugu, na siasa zao zinaonyesha hivyo. Robert Fico alirudi madarakani Slovakia mwaka 2023 akiahidi kutotoa hata risasi moja kutoka ghala la serikali, ilhali viwanda vya nchi hiyohiyo vinaendelea kuuza risasi kwa fedha.

Na huyu Mmarekani ambaye wote walimtegemea? Hapo ndipo maoni yamegeuka kwa kasi tangu Donald Trump arudi madarakani Januari 2025 na kuitaka Greenland, kisiwa kilicho chini ya Denmark. Denmark, ambayo ni mshirika mtiifu kuliko wengi na iliyozika vijana wake kwa ajili ya vita vya Marekani, imejikuta ikimwogopa rafiki. Ni Wadenishi haohao waliokuwa wamejitoa kwenye ulinzi wa pamoja wa Umoja wa Ulaya mwanzoni mwa miaka ya tisini, na walipoulizwa kwa kura kama waachane na kujitenga kwao, mwaka 2000 kuhusu sarafu na 2015 kuhusu sheria, walikataa. Juni 1, 2022 waliulizwa kuhusu ulinzi. Karibu asilimia 67 wakasema tuingie. Walipiga kura kwa sababu ya Urusi, na leo wanaona inawafaa kwa sababu nyingine ambayo hawakuitarajia.

Kuna jambo moja hujaliuliza, lakini naona linakuhusu wewe kuliko wenzako kazini. Mshikamano na nchi iliyovamiwa na mshikamano na mkimbizi aliyetoka huko ni vitu viwili, na huachana njiani. Poland, Machi 2022, utafiti wa taasisi ya CBOS ulikuta asilimia 94 wanataka Waukraine wapokelewe. Watu walifungua nyumba zao usiku. Umoja wa Ulaya ukatumia kwa mara ya kwanza sheria yake ya hifadhi ya muda, iliyokuwa imelala kabatini tangu 2001. Siku zilezile wanafunzi wa Kiafrika waliokuwa wakikimbia mabomu hayohayo walikuwa wanazuiwa mpakani, hadi Umoja wa Afrika ukatoa tamko la kulaani. Kufikia 2024 asilimia ile ya CBOS ilikuwa imeshuka na kuzidi nusu kidogo tu, na mwaka 2025 Rais Karol Nawrocki akakataa kusaini muswada wa kuendeleza misaada ya Waukraine. Poland haijampenda Mrusi hata kidogo katika muda huo, na bajeti yake ya ulinzi inapanda. Imemchoka mgeni.

Ufini nayo imefunga mpaka wa mashariki tangu mwisho wa 2023, na Julai 2024 Bunge lilipitisha sheria inayoruhusu waombaji hifadhi kurudishwa mpakani pale nchi jirani inapowatumia kama silaha. Mwaka 2025 likakubali kujitoa kwenye mkataba wa kupiga marufuku mabomu ya ardhini, mkataba ambao watu wa Kivu wangeweza kuwaeleza faida yake. Sikuletei haya ili uwachukie. Nakuletea kwa sababu wenzako wakisema "sisi" siku hizi, neno hilo limekuwa na joto zaidi ndani na ukuta mrefu zaidi nje, na mwanao akivaa sare atakuwa ndani yake. Kwa kijana mwenye jina la Kikongo hilo si jambo dogo. Kuna atakaowashangaza.

Kuhusu yeye mwenyewe, mambo ya sheria ni haya. Kwa kuwa ana uraia, wajibu ulikuwepo kabla ya NATO na haujabadilishwa nayo. Ataitwa kwenye siku ya wito katika vuli ya mwaka anaotimiza miaka 18. Utumishi ni wa siku 165, 255 au 347, kutegemea kazi atakayopangiwa, na kama dhamiri yake inakataa silaha kuna utumishi wa kiraia wa siku 347. Uanachama wa NATO haumaanishi kwamba kesho anapandishwa ndege kwenda Estonia. Uamuzi wa kutuma jeshi nje unabaki Helsinki, si Brussels. Aende na karatasi zake za matibabu, na kama ana nia ya kusoma chuo mwaka huohuo aseme mapema, kwa sababu tarehe ya kuanza inaweza kusogezwa mtu akiwa na sababu. Lugha anayoifahamu nyumbani aiandike kwenye fomu. Waulize pia wenzako kazini walitumikia wapi na mwaka gani. Wanaume wengi wa pale watakuwa na la kusema, na hapo utapata habari kuliko nilizoweza kukupa mimi kutoka huku mbali.